Simu ya Mkononi na Uvimbe wa Ubongo: Tafiti Zinasema Nini, na Zina Maana Gani kwa Wakazi wa Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Wilaya za Mbinga na Nyasa, mkoani Ruvuma, zina sura mbili. Juu ni milima ya Umatengo yenye mashamba ya kahawa na kilimo cha ngoro. Chini, umbali wa kilomita 66 za lami kutoka Mbinga mjini, ni Mbamba Bay na mwambao wa Ziwa Nyasa, ambako Lituhi, Liuli na vijiji vingine vinaishi kwa uvuvi na biashara ya samaki. Milima hiyo inayopendeza machoni ndiyo inayosumbua mawasiliano, kwa kuwa kilima kimoja kinatosha kukitenga kijiji na mnara wa simu ulio jirani. Ndiyo maana ujio wa mnara mpya ni habari kubwa, na ndiyo maana pia unazusha swali linaloulizwa katika sehemu nyingi za nchi: je, simu na minara yake huleta saratani ya ubongo?

Tafiti kubwa zilizochapishwa hadi sasa hazijaonyesha kwamba matumizi ya simu ya mkononi, hata ya muda mrefu, yanaongeza uvimbe wa ubongo. Hata hivyo, jibu hilo halikupatikana kwa urahisi, na njia iliyopitiwa ina mambo ambayo mkazi wa eneo lenye mtandao hafifu anastahili kuyafahamu. Mojawapo ni kwamba kwa mtumiaji wa simu, mnara ulio karibu humpunguzia mawimbi yanayofika kichwani mwake kuliko mnara ulio mbali.

Mionzi si ya aina moja

Neno "mionzi" lina uzito wa pekee mkoani Ruvuma. Wilayani Namtumbo, katika eneo la Mto Mkuju, kuna madini ya urani, na mjadala kuhusu mradi huo umewafanya wengi walihusishe neno hilo na hatari moja kwa moja. Mionzi ya urani, kama ile ya eksirei, ni mionzi ayonisha: ina nguvu ya kung'oa elektroni kutoka kwenye atomi na kuharibu vinasaba ndani ya seli, na uharibifu wa namna hiyo unaweza kuzaa saratani miaka mingi baadaye.

Mawimbi ya simu ni ya familia ya mawimbi ya redio na televisheni. Wataalamu huyaita mionzi isiyoayonisha, kwa sababu nguvu yake haitoshi kuvunja kinasaba. Athari yake iliyothibitishwa ni kupasha joto. Viwango vya kimataifa vya usalama vimewekwa kwa kuzingatia athari hiyo: nguvu inayofyonzwa na kichwa isizidi wati 2 kwa kila kilo ya mwili, ikipimwa kwa wastani wa gramu 10 za nyama. Kwa Tanzania, chombo chenye dhamana ya kudhibiti mionzi ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC), iliyoundwa kwa Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003. Kazi zake ni pamoja na kupima mawimbi yanayotoka kwenye minara ya simu.

Kama kinachojulikana ni joto tu, kwa nini basi wanasayansi waliendelea kuuliza? Ni kwa sababu kutojua njia ambayo kitu kingeweza kudhuru si ushahidi kwamba hakidhuru. Madhara ya tumbaku yalionekana kwenye hesabu za wagonjwa kabla ya maabara kueleza yanavyotokea. Hivyo ililazimu wagonjwa wahesabiwe.

Kutoka hofu hadi hesabu

Simu za mkononi zilianza kutumika Tanzania mwaka 1994. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Januari 1993, mwanamume mmoja wa Marekani alidai kwenye televisheni kwamba mke wake alifariki kwa uvimbe wa ubongo uliosababishwa na simu. Kesi aliyofungua ilitupwa baadaye kwa kukosa ushahidi wa kisayansi, lakini hofu ilikuwa imekwisha kusambaa duniani.

Utafiti mmoja mkubwa uliolishughulikia suala hilo uliitwa INTERPHONE. Uliratibiwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), ambalo ni chombo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) chenye makao yake Lyon, Ufaransa, na ulifanyika katika nchi 13. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010. Watafiti waliwahoji wagonjwa 2,708 wenye glioma, saratani inayoanzia ndani ya ubongo wenyewe, na wengine 2,409 wenye meninjioma, uvimbe wa utando unaoufunika ubongo ambao mara nyingi si saratani. Majibu yao yakalinganishwa na ya watu wasio na ugonjwa.

Matokeo yalileta utata. Kwa ujumla, watumiaji wa kawaida wa simu walionekana kupata glioma pungufu kwa asilimia 19 kuliko wasiotumia. Hakuna aliyeamini kwamba simu inakinga saratani. Tarakimu hiyo ilikuwa ishara kwamba kulikuwa na kasoro katika jinsi washiriki walivyopatikana. Kati ya watu wasio wagonjwa walioombwa kushiriki, asilimia 53 tu ndio waliokubali, na wanaokubali si lazima wafanane na wanaokataa.

Upande wa pili, moja ya kumi ya washiriki waliotumia simu zaidi ya wote, yaani saa 1,640 au zaidi kwa jumla, walionekana kuwa na hatari ya glioma iliyozidi kwa asilimia 40. Chini ya kiwango hicho hapakuwa na ngazi yoyote ya kupanda, jambo ambalo lingetarajiwa kama simu ndiyo chanzo. Ikumbukwe pia kwamba saa 1,640 zikigawanywa kwa miaka 10 ni kama dakika 27 kwa siku, muda ambao leo mnunuzi wa dagaa wa Mbamba Bay anaweza kuumaliza kabla ya adhuhuri.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa kumbukumbu. Mtu aliyeambiwa ana uvimbe kichwani hutafuta sababu, na akiulizwa kuhusu simu huipekua miaka yake kwa namna ambayo mtu mzima wa afya haoni haja ya kufanya. Zaidi ya hayo, uvimbe wenyewe unaweza kuathiri kumbukumbu. Miongoni mwa wagonjwa walikuwamo waliodai kuzungumza kwa simu zaidi ya saa 12 kila siku.

Kahawa ilipokuwa kwenye orodha

Mei 2011, kwa kuzingatia hasa matokeo hayo pamoja na tafiti za Sweden, IARC iliyaweka mawimbi ya redio katika kundi 2B, la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani. Habari hiyo ilienea kwa kasi, na hadi leo hunukuliwa kama uthibitisho kwamba simu inaua. Kundi 2B halimaanishi hivyo. Linamaanisha kuwa kuna dalili finyu ambazo haziwezi kupuuzwa, wala haziwezi kutegemewa.

Mfano ulio karibu na wakazi wa Mbinga ni kahawa. Mwaka 1991 IARC iliiweka kahawa katika kundi hilohilo la 2B kwa kuihusisha na saratani ya kibofu cha mkojo. Ilikaa humo kwa miaka 25. Mwaka 2016, baada ya kupitia tafiti nyingi zaidi, jopo la wataalamu liliiondoa na kuipeleka kundi la 3, la vitu visivyo na ushahidi wa kutosha wa kusababisha saratani kwa binadamu. Ilibainika kuwa wanywaji wengi wa kahawa walikuwa pia wavutaji wa sigara, na tafiti za awali zilishindwa kuvitenganisha vitu hivyo viwili. Katika kundi la 1, la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani, zimo tumbaku, pombe na sumukuvu, ambayo hutokana na ukungu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Ghala la mahindi linastahili hofu kuliko mfuko wenye simu.

Kuwafuata watu badala ya kuwauliza

Ili kukwepa tatizo la kumbukumbu, watafiti wengine walichagua kuanza na watu wazima wa afya na kuwafuatilia kwa miaka. Denmark, ambayo imekuwa na sajili ya kitaifa ya saratani tangu miaka ya 1940, iliwafuatilia wateja wa simu waliojiunga kati ya 1982 na 1995. Taarifa ya mwaka 2011 ilihusu watu 358,403, na hapakuonekana ongezeko. Nchini Uingereza wanawake 776,156 walifuatiliwa kwa takriban miaka 14, na matokeo ya mwaka 2022 yakawa hayohayo. Kwa vijana wa umri wa miaka 10 hadi 24, utafiti wa MOBI-Kids katika nchi 14 nao haukuona uhusiano.

Utafiti unaostahili kutazamwa kwa karibu zaidi ni COSMOS, uliofanyika Denmark, Finland, Sweden, Uholanzi na Uingereza. Washiriki 264,574 waliulizwa kuhusu matumizi yao kabla ya kuugua, na majibu yao yakahakikiwa kwa kumbukumbu za kampuni za simu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024, baada ya ufuatiliaji wa takriban miaka 7, yalionyesha wagonjwa 149 wa glioma na 89 wa meninjioma, na waliozungumza kwa saa nyingi zaidi hawakuugua kuliko waliozungumza kidogo. Mwaka huohuo, mapitio yaliyoagizwa na WHO yakiongozwa na wataalamu wa Australia yalichambua machapisho 63 kutoka nchi 22 na kufikia hitimisho hilohilo, kwa uhakika wa kiwango cha kati.

Kuna kipimo kingine kilicho rahisi kueleweka. Kama simu ingekuwa chanzo kikubwa cha saratani ya ubongo, idadi ya wagonjwa ingepanda sambamba na idadi ya simu. Uchunguzi wa sajili za Denmark, Finland, Norway na Sweden kwa miaka 1974 hadi 2003 haukuona badiliko hilo.

Panya nao wana sehemu yao katika habari hii. Mwaka 2018 Mpango wa Taifa wa Sumu wa Marekani ulitangaza kwamba panya dume walioangaziwa mawimbi mwili mzima, saa 9 kwa siku kwa miaka 2, walipata uvimbe wa moyo zaidi ya wenzao. Lakini panya hao hao waliishi muda mrefu kuliko wale ambao hawakuangaziwa, na viwango walivyopewa vilizidi vile vinavyoruhusiwa kwa binadamu. Matokeo hayo hayajafutwa; yamebaki kuwa sababu ya kuendelea kuchunguza.

Mtandao hafifu una maana gani

Simu haitoi nguvu ileile wakati wote. Mnara ukiwa karibu, simu hunong'ona. Ukiwa mbali au nyuma ya mlima, hupaza. Utafiti uliofanyika Sweden na kuchapishwa mwaka 2004 ulibaini kwamba simu za 2G katika maeneo ya vijijini zilitumia nguvu ya juu kabisa kwa takriban nusu ya muda wa mazungumzo, ilhali mjini zilifanya hivyo kwa takriban robo tu. Kwa msingi huo, mwaka 2005 kundi jingine la watafiti wa Sweden liliripoti kwamba hatari ya uvimbe ilionekana zaidi vijijini. Idadi ya wagonjwa waliohusika ilikuwa ndogo, na tafiti kubwa zilizofuata hazikuunga mkono jambo hilo. Hata hivyo swali lilikuwa halali, na linauhusu mwambao wa Ziwa Nyasa kuliko linavyouhusu mji wa Dar es Salaam.

Teknolojia imelipunguza makali swali hilo. Simu ya 3G wakati wa mazungumzo hutumia kwa kawaida sehemu ndogo mno ya nguvu ya simu ya 2G, takriban moja ya mia au chini yake. Mei 13, 2023, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alishuhudia utiaji saini wa mikataba ya ujenzi wa minara 758 vijijini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF). Kijiji kinachoukataa mnara kwa kuogopa mionzi kinabaki na simu zinazopaza, huku zikiwa zimebanwa sikioni. Antena za mnara hurusha mawimbi kwa mlalo kuelekea mbali, na nguvu yake hupungua haraka kadiri umbali unavyoongezeka, hivyo kinachomfikia mtu aliye chini huwa ni sehemu ndogo sana ya kiwango kinachoruhusiwa. Mwananchi mwenye shaka ana haki ya kuomba vipimo vya TAEC vielezwe kwenye mkutano wa kijiji.

Anayetaka kupunguza mawimbi kichwani mwake hahitaji kununua vibandiko vinavyouzwa mitaani kuwa kinga. Atumie spika ya simu au waya wa masikioni, kwa kuwa simu iliyo umbali wa sentimita 30 au 40 kutoka mwilini hufikisha kichwani mawimbi machache sana. Aandike ujumbe badala ya kupiga pale mtandao unapokuwa wa kukatikakatika. Kutuma pesa kwa simu, ambayo ndiyo matumizi makubwa ya wengi, hakuileti simu sikioni hata kidogo.

Kwa nini utafiti kama huo ni mgumu kufanyika Ruvuma

Katika nchi 13 za INTERPHONE, nchi 14 za MOBI-Kids na nchi 5 za COSMOS, hapakuwa na hata moja ya Afrika. Sababu mojawapo ni hesabu. Ichukuliwe kwa mfano kwamba wagonjwa wapya wa saratani ya ubongo ni 3 kwa mwaka kwa kila watu 100,000. Kwa mkoa wa Ruvuma, wenye watu zaidi ya milioni 1.8 kwa Sensa ya mwaka 2022, hao ni kama wagonjwa 55 kwa mwaka. Kama moja ya kumi ya watu ni watumiaji wakubwa wa simu, na hatari yao kweli imezidi kwa asilimia 40, mkoa mzima ungeongezeka wagonjwa 2. Ongezeko dogo kiasi hicho haliwezi kutofautishwa na mabadiliko ya kawaida ya mwaka hadi mwaka.

Sababu ya pili ni utambuzi. Uvimbe wa ubongo hauonekani kwa macho wala kwa kipimo cha damu. Unahitaji CT scan au MRI. Kwa miaka mingi vipimo hivyo vilipatikana katika hospitali chache kubwa, na ni hivi karibuni tu hospitali za rufaa za mikoa zilipoanza kupatiwa mashine za CT scan. Mgonjwa wa Lituhi aliyefariki bila kupimwa hakuhesabiwa popote. Idadi ya wagonjwa ikipanda katika miaka ijayo, sehemu kubwa ya ongezeko itatokana na mashine, na itakuwa makosa kuibebesha simu.

Kuna pia suala la kumjua mtumiaji. Denmark ilitumia orodha ya wateja wa kampuni za simu. Tanzania, mwishoni mwa mwaka 2023, ilikuwa na laini zaidi ya milioni 70 kwa watu milioni 61.7 waliohesabiwa mwaka 2022. Mtu mmoja ana laini mbili au tatu, wakati huohuo kitochi kimoja kinahudumia kaya nzima. Mtafiti atakayekuja Nyasa itampasa abuni njia yake mwenyewe ya kupima.

Hatari iliyopo karibu

Wakati simu inajadiliwa, kuna kitu kingine ambacho kimethibitishwa kuingia kwenye ubongo, nacho kipo katika eneo hili. Ni lava wa tegu wa nguruwe. Utafiti uliofanyika Wilaya ya Nyasa na kuchapishwa mwaka 2017 ulithibitisha kuwapo kwa maambukizi hayo kwa nguruwe wa wilaya hiyo. Mayai ya mnyoo huyo hutoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenye tegu tumboni, na mtu akiyameza kwa maji, mboga au mikono michafu, lava wanaweza kusafiri hadi ubongoni na kutengeneza vifuko. Kwa hiyo hata asiyekula nguruwe anaweza kuugua, akiishi jirani na kaya isiyo na choo. Kula nyama yenye lava isiyoiva vizuri humpa mtu tegu wa tumboni, naye ndiye huwa chanzo cha mayai kwa wengine. WHO inakadiria kwamba katika maeneo mengi yenye tatizo hili, ugonjwa huo husababisha takriban asilimia 30 ya kifafa.

Kinga yake haina utata: choo kwa kila kaya, kufungia nguruwe bandani, ukaguzi wa nyama na kuipika hadi iive kabisa. Vifuko hivyo kwenye picha ya CT scan vinaweza kufanana na uvimbe, na vingi hutibika kwa dawa chini ya uangalizi wa daktari.

Iwe ni uvimbe, vifuko vya tegu au jambo jingine, dalili za kuzingatia hazitofautiani sana: maumivu ya kichwa yanayozidi wiki hadi wiki, hasa alfajiri, yakiambatana na kutapika, degedege au kifafa kinachomwanza mtu mzima ambaye hakuwahi kuwa nacho, mkono au mguu wa upande mmoja kuishiwa nguvu, kuona kwa ukungu au kuona vitu viwiliviwili, kigugumizi cha ghafla, au mabadiliko ya tabia yanayowashangaza ndugu. Mwenye dalili hizo asikae nyumbani akiilaumu simu, wala asianzie kwa mganga. Aende kituo cha afya kilicho karibu, ikiwemo Hospitali ya Mtakatifu Anna iliyopo Liuli kwa wakazi wa mwambao au Hospitali ya Litembo kwa wa milimani, ambako atapewa rufaa kwenda Songea kwa vipimo zaidi. Upasuaji wa ubongo hufanyika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), na tiba ya mionzi hutolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road, zote za Dar es Salaam. Ndugu anayemsindikiza mgonjwa aandike tarehe dalili ilipoanza na jinsi ilivyobadilika, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe huenda asiweze kuieleza akifika.